Okapi ni wa ukoo gani, na makao yake ni wapi?

Ukitoka mji wa Beni kwenda kaskazini, ukafika Mbau na kushika barabara ya Kamango, unaingia katika msitu wa bonde la Semliki. Wataalamu wa wanyama duniani kote wanaujua msitu huu, hata wasiowahi kukanyaga Kongo. Kila spishi inapopewa jina la kisayansi, jina hilo hufungwa kwenye kielelezo kinachohifadhiwa, na kwenye mahali kielelezo hicho kilipotoka. Kwa okapi, mahali palipoandikwa ni Mundala, katika msitu wa Semliki. Basi jina la mnyama huyu lina asili yake hapa kwetu, wilayani Beni.

Wambuti, wenyeji wa msitu huu, walimjua okapi tangu zamani na walimnasa kwa mashimo. Wazungu walipata habari zake mwaka 1890, msafiri Stanley alipoandika kwamba watu wa msituni wanamjua mnyama anayefanana na punda. Sir Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Waingereza Uganda, aliisoma habari hiyo. Baadaye aliwasaidia Wambuti waliokuwa wametekwa na Mjerumani mmoja ili wapelekwe Paris kuonyeshwa kwenye maonyesho ya mwaka 1900. Alipowarudisha kwao Kongo, walimweleza mnyama huyo kwa undani. Katika ngome ya Mbeni alikuta askari wamevaa mikanda iliyokatwa kwenye ngozi yenye mistari myeusi na myeupe. Akapata vipande viwili, akavituma London.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mwaka 1901 mtaalamu wa wanyama Philip Sclater alivitazama vipande hivyo, akaona mistari, akamwita mnyama Equus johnstoni, yaani akamweka katika jenasi moja na punda milia na farasi. Kumbe ushahidi wa kumsahihisha ulikuwa umeshaonekana msituni. Waliomwongoza Johnston walimwonyesha nyayo za kwato zilizogawanyika mbili. Yeye akakataa kuamini, kwa kuwa alitegemea kuona kwato nzima kama ya farasi, na akadhani anafuatishwa nyayo za pofu. Nami naona hili ndilo somo kubwa la habari hii yote: wenyeji walikuwa wametoa jibu sahihi kabla ya maktaba za London.

Mwaka huohuo Karl Eriksson, ofisa wa ngome ya Mbeni, alituma ngozi kamili na mafuvu mawili. Fuvu likamaliza ubishi. Mistari ya ngozi ni shahidi dhaifu, maana wanyama wasio na undugu huweza kuwa na mistari. Meno na mifupa hubadilika polepole zaidi. Katika taya la chini la okapi, chonge limegawanyika sehemu mbili, na miongoni mwa wanyama walio hai leo alama hiyo inapatikana kwake na kwa twiga tu. Dume ana vipembe vya mfupa vilivyofunikwa na ngozi, kama vya twiga. Anacheua. Ulimi wake ni mrefu na mweusimweusi, nao huchumia majani. Kwa hiyo mtaalamu mwingine wa wanyama, Ray Lankester, akamtungia jenasi yake mwenyewe, Okapia, ndani ya familia ya twiga.

Ndiyo maana jina lake huandikwa Okapia johnstoni (Sclater, 1901). Mabano hayo si pambo. Yanamwambia msomaji kwamba Sclater ndiye aliyetoa jina la spishi, lakini jenasi aliyomweka mwanzo imebadilishwa. Na kuhusu undugu wake na twiga, mwaka 2016 kikundi cha watafiti, akiwemo Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, kilisoma jenomu za twiga na okapi. Kilikadiria kwamba njia zao zilitengana miaka milioni 11.5 iliyopita.

Okapi wa porini anapatikana katika nchi moja tu, nayo ni Kongo yetu. Wengi wako katika misitu ya kaskazini mashariki, hasa Ituri, na wachache wako ng'ambo ya pili ya mto Kongo. Hupenda msitu mnene wa nyanda za chini na hapandi sana milima, basi usimtafute Butembo. Zamani alikuwepo pia upande wa Uganda wa msitu wa Semliki. Leo huko hayupo.

Kwa upande wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambamo sehemu ya msitu wa Semliki imo, kwa muda mrefu watu walidhani ametoweka. Mwaka 2006 dalili zake zilipatikana tena katika msitu wa Watalinga, na mwaka 2008 kamera zilizotegwa zikampiga picha. Kisha, kuanzia Oktoba 2014, mauaji ya raia yakaukumba ukanda wa Mbau, Oicha na Eringeti. Mahali ambapo mkulima hathubutu kwenda kuvuna kakao yake, mtafiti naye hawezi kuhesabu nyayo. Tangu mwaka 2013 okapi yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Akitoweka Semliki, London itabaki na ngozi, lakini hakutakuwa na okapi hai wa mahali jina lilipotoka wa kulinganishwa nayo. Jike hubeba mimba kwa miezi 14 hivi na huzaa ndama mmoja, kwa hiyo pengo la kila anayeuawa huchukua muda mrefu kuzibika. Okapi analindwa na sheria ya Kongo. Ukiletewa nyama yake au ngozi yake, iwe Mbau, Oicha au Butembo, usinunue.