Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuwaka: Jinsi ya Kuchagua Pawasaplai ya Kuaminika



Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta ya mezani. Nyingine zilitolewa na wafadhili, nyingine zilinunuliwa kwa michango ya wanachama, na nyingi zilikuwa zimeshatumika katika maofisi ya ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Ndani yake mmeweka hesabu za hisa, mikopo, rekodi za maziwa na barua za kikundi. Siku inapokataa kuwaka, kazi ya watu wengi inasimama, na wengine husema, "Hiyo imekufa, tutafute nyingine."

Msiwe na haraka. Mara nyingi kilichoharibika ni kile kisanduku cha stima kilicho ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Hicho hubadilishwa, na kompyuta ikaendelea na kazi miaka mingine. Shida ni kwamba madukani kuna nzuri na kuna feki, na kwa macho zinafanana.

PAWASAPLAI HUFANYA KAZI GANI?

Stima inayotoka ukutani hapa Kenya ni ya volti 240. Vipande vya ndani ya kompyuta haviwezi kuivumilia. Pawasaplai huipokea hiyo stima kali na kuigeuza kuwa stima ndogo ya volti 12, volti 5 na volti 3.3, kisha huigawa kila mahali inapohitajika. Ni kama mfereji wa kunyunyizia shamba: maji ya mto yakiingia yote kwa nguvu yatang'oa miche, lakini yakipitia mfereji uliotengenezwa vizuri kila mstari hupata yake.

Pawasaplai nzuri haiyumbishi kipimo. Mahali pa volti 12, stima haitakiwi kushuka chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Ile mbovu hupanda na kushuka. Ikishuka, kompyuta inazimika katikati ya kazi. Ikipanda, inaweza kuchoma bodi kuu na hata hadidiski, pale rekodi zenu zote zilipo.

KWANZA, HAKIKISHENI NDIYO MBOVU

Kabla ya kutoa pesa kwa mweka hazina, fanyeni hivi:

- Jaribuni soketi kwa kutumia taa au redio. Pengine soketi ndiyo haina stima.
- Badilisheni waya wa kompyuta. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, na hiyo fyuzi huungua.
- Angalieni swichi iliyo nyuma ya kompyuta. Mara nyingine mtu aliyefagia aliizima bila kujua.

Kama hayo yote ni sawa na bado hakuna taa wala feni inayozunguka, au kompyuta inazimika yenyewe, au kuna harufu ya kuungua, basi mwite fundi. Fundi mzuri ataijaribu kompyuta kwa pawasaplai nyingine nzima kabla ya kuwaambia mnunue. Asiyejaribu bali anakisia tu, msimpe kazi.

MAMBO SITA YA KUANGALIA MKIENDA KUNUNUA

1. Umbo na plagi zake. Kompyuta nyingi za kawaida hutumia kipimo kiitwacho ATX, kilichoanza mwaka wa 1995. Kompyuta mpya kidogo zina plagi kubwa yenye matundu 24 na nyingine ndogo yenye matundu 4 au 8. Lakini mashine nyingi ndogo za ofisi, kama zile za Dell, HP na Lenovo, zina pawasaplai ya umbo lake pekee na plagi zisizoingiliana na za wengine. Kwa hiyo fungueni ile mbovu, mwende nayo dukani. Si vizuri kununua kwa kukisia, na plagi isiyoingia isilazimishwe.

2. Wati za kweli. Hapa ndipo wengi hudanganywa. Nje imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, kumbe sivyo. Tafuteni karatasi iliyobandikwa ubavuni, mwone mstari wa volti 12 una ampea ngapi. Zidisheni ampea hizo kwa 12. Kwa mfano, ampea 22 mara 12 ni wati 264. Hiyo ni kawaida kwa pawasaplai nzuri ya wati 300. Mkikuta imeandikwa wati 500, na mstari wa volti 12 una ampea 14 tu, hiyo ni wati 168. Zile 500 ziko wapi? Kompyuta ya kuandika barua na hesabu kwa kawaida haifikishi wati 100 ikiwa kazini, kwa hiyo wati 300 za kweli zinatosha na kubaki. Afadhali 300 za kweli kuliko 600 za karatasini.

3. Stima inayoingia. Baadhi ya pawasaplai zina swichi ndogo nyuma, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Hapa kwetu lazima ikae kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115 halafu mkachomeka, italipuka na moshi kutoka. Nyingine hazina swichi hiyo, bali zimeandikwa 100–240. Hizo hujipanga zenyewe na hazina taabu.

4. Uzito na waya. Shikeni moja mkononi, kisha nyingine ya wati zilezile. Zile feki mara nyingi ni nyepesi kwa sababu mtengenezaji ameacha vipande vya ndani, hata vile vya kuikata stima kukitokea hitilafu. Waya nyembamba na fupi mno pia ni dalili mbaya. Uzito peke yake hautoshi kuthibitisha, lakini nyepesi kama kopo tupu muiogope.

5. Alama. Angalieni kibandiko cha KEBS. Pia kuna alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka wa 2004, inayoonyesha kwamba angalau asilimia 80 ya stima inayotoka ukutani inafika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Tufanye hesabu. Kompyuta inahitaji wati 80. Pawasaplai mbaya yenye asilimia 60 itavuta wati 133 ukutani, na nzuri yenye asilimia 80 itavuta wati 100. Tofauti ni wati 33. Mkiitumia saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni zaidi ya yuniti 6 za stima mnazolipia bure kila mwezi. Lakini alama hughushiwa pia, kwa hiyo msiitegemee peke yake. Iendeni pamoja na uzito, ampea na duka lenyewe.

6. Duka, risiti na waranti. Nunueni mahali ambapo mtampata mwenye duka mwezi ujao. Risiti iandikwe aina ya pawasaplai, wati zake na muda wa waranti. Muuzaji anayesema "hii haina shida, hakuna haja ya risiti" ameshawaambia shida yake.

NA ILE ILIYOTUMIKA?

Wengi hutuuliza kama ni vibaya kununua iliyotumika. Si lazima iwe vibaya. Pawasaplai ya asili iliyotolewa kwenye kompyuta nzuri ya ofisi inaweza kuwa bora kuliko mpya ya feki. Lakini ijaribiwe mbele yenu ikiwa imeunganishwa na kompyuta, angalau saa moja, na fundi apime volti zake kwa mita. Kuona feni ikizunguka tu hakutoshi, maana hata mbovu huzungusha feni. Ikitoa harufu, mlio, au joto lisilo la kawaida, irudisheni.

USALAMA

Msiifungue pawasaplai yenyewe, hata mkiwa mmeichomoa ukutani. Ndani yake kuna vipande viitwavyo kapasita, vinavyohifadhi stima ya volti zaidi ya 300, na hubaki nayo kwa muda baada ya kuzimwa. Inaweza kuua. Ile kuukuu isiachwe watoto waichezee. Pia hakikisheni soketi yenu ina waya wa kushusha stima ardhini, na msikate mguu wa tatu wa plagi ati uingie kwenye soketi ya zamani.

KUITUNZA

Vumbi na stima inayokatika ndizo adui wakubwa. Kompyuta isikae sakafuni, na tundu la feni lisizibwe na kitambaa cha kupamba. Stima ikipotea, zimeni swichi ya ukutani na msubiri dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa kishindo. Mkiwa na uwezo, nunueni UPS nzuri. Inatoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

KITU KIKUBWA NI UAMINIFU

Kuna kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu. Walitafuta pawasaplai ya bei ya chini kabisa, na baada ya wiki chache iliungua pamoja na hadidiski. Rekodi za mikopo zilipotea zote. Hapo maneno yakaanza: nani amelipa, nani hajalipa, na kwa nini rekodi zipotee wakati huu tu? Mweka hazina, ambaye hakuwa ameiba hata shilingi, alikaa miezi akitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Waliokolewa na vitabu vidogo ambavyo kila mwanachama alikuwa amevitunza nyumbani. Walivikusanya na kuandika hesabu upya, ukurasa baada ya ukurasa. Pesa walizookoa dukani hazikuweza kulipia taabu ile. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Kwa hiyo tunashauri: watu wawili waende kununua, si mmoja. Waulize bei katika maduka matatu na kuziandika. Walete risiti mbele ya mkutano. Na kila mwisho wa wiki, hesabu zinakiliwe kwenye flashi inayotunzwa nyumba nyingine, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa. Mashine inaweza kununuliwa tena, lakini imani ya wanachama ikivunjika hakuna duka linaloiuza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikizimika leo na isiwake tena, tutajuaje kila mwanachama ana hisa ngapi?
2. Nakala ya hesabu zetu iko wapi, na ni nani mwingine anayejua mahali ilipo?
3. Tunapotuma mtu kununua kitu cha kikundi, tunampa maagizo gani, na akirudi tunamwuliza nini?
4. Je, tumetenga pesa kidogo kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, au tunangoja kiharibike ndipo tuchange?

Jadilianeni bila kulaumiana, na muandike mlichokubaliana. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.