Maneno Mapya: Yatoka Wapi, na Yapi Yatadumu?

Wenye daftari wazifungue, na wasio nazo wategee sikio. Somo letu la leo ni juu ya maneno mapya ambayo vijana huyatoa katika intaneti, katika sinema na katika nyimbo, nasi wazee huyasikia nyumbani tusijue maana yake.

Labda utauliza, "Mimi ni mtu mzima, maneno ya watoto yanihusu nini?" Yanakuhusu sana. Binti yako akikuambia kwamba mchumba aliyempata kwenye simu ni "catfish", nawe ukajibu kwamba catfish ni samaki kambare, umejibu sawa kwa Kiingereza cha shuleni, lakini hukumsaidia. Yeye alikuwa anakueleza kwamba ametapeliwa.

Basi, twende polepole. Maneno haya huzaliwa kwa njia nyingi. Leo tutajifunza tatu.

Njia ya kwanza ni kuchukua jina la kitu cha zamani na kulipa jambo jipya. Mwaka 2010 ilitolewa sinema ya Kimarekani iitwayo Catfish. Ilionyesha kijana aliyependana kwa njia ya mtandao na mtu ambaye picha na habari zake zilikuwa za uongo. Tangu hapo, mtu ajifichaye nyuma ya sura ya mwingine ili kudanganya huitwa hivyo, na mwaka 2014 neno likaingizwa kwa maana hiyo katika kamusi ya Merriam-Webster. Mfano mwingine ni "spam". Hilo lilikuwa jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza waitwao Monty Python walicheza mchezo wa mkahawa ambao karibu kila chakula chake kina nyama hiyo, na jina lake likarudiwarudiwa hata watu wasiweze kusemezana. Baadaye watumiaji wa kompyuta waliona kwamba barua zisizotakiwa ni kama kelele ile ile, wakazipa jina la nyama.

Njia ya pili ni kulikata neno. Waingereza wana neno "charisma", maana yake mvuto wa mtu. Vijana walilikata kichwa na mkia, likabaki "rizz", yaani ustadi wa kumvuta mtu unayempenda. Mwaka 2023 wachapaji wa kamusi za Oxford walilichagua kuwa neno la mwaka. Wala sisi hatukuachwa nyuma. Tulichukua neno ubongo, tukakata herufi ya mbele, tukapata Bongo, jina la utani la Dar es Salaam na la Tanzania yote, kwa sababu kuishi huko kwataka akili. Ndipo muziki wa vijana ukaitwa Bongo Fleva.

Njia ya tatu ni kulivika neno geni kanzu ya Kiswahili. Simu za mkononi zilipoenea, mwenye salio dogo alipiga na kukata kabla hajapokewa, ili mwenzake ndiye apige. Tukaita kubipu. Mlio ule ulitoka ng'ambo, lakini sikiliza: nimembipu, alinibipu, usinibipu. Sarufi yote ni yetu.

Sasa, neno lipi litadumu? Hudumu neno lenye kazi ya kufanya. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa Tanzania mwaka 1967, nalo husimamia ukuzaji wa lugha. Lakini hata neno sanifu halina budi kupata kazi. Kishikwambi halikujulikana na watu wengi mpaka sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi. Watu walikiona kitu, wakalishika na jina lake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukisikia neno usilolijua, usimkemee kijana wala usimcheke. Mwulize maana yake, na mwulize amelisikia wapi. Kisha mfundishe mahali pake. Neno la kijiweni ni zuri kijiweni. Katika barua ya kuomba kazi laweza kumnyima kazi. Kujua lugha ni kujua pia ya kusema na mahali pa kuyasema.

Kazi ya nyumbani: andikeni maneno matano mapya mnayoyasikia kwa vijana wenu. Mbele ya kila neno andikeni maana yake, njia lililozaliwa, na kazi ambayo hakuna neno lingine liifanyayo. Lile lisilo na kazi, litazameni tena baada ya mwaka mmoja, mwone kama lingali hai.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.