Picha ilionesha mtoto mzima; akitapika kijani, usingoje asubuhi

Mama mjamzito anayetoka Nungwi au Makunduchi kuja mjini kupiga altrasaundi hurudi nyumbani na majibu mawili: mtoto mzima, na ni mwanamke au mwanamume. Karatasi huwekwa ndani ya kadi ya kliniki, na familia huanza kununua nguo.

Furaha hiyo ni haki yao. Hata hivyo, yapo matatizo ambayo picha hiyo mara nyingi haiyaoni. Moja ni utumbo wa mtoto uliokaa vibaya tumboni.

Kipimo chenyewe ni muhimu. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kila mjamzito apate angalau altrasaundi moja kabla ya mimba kutimiza wiki 24. Huonesha umri wa mimba, idadi ya watoto na baadhi ya kasoro za maumbile.

Utumbo hukaaje vibaya?

Katika wiki za mwanzo, utumbo hukua haraka kuliko tumbo lenyewe. Sehemu yake hutoka na kukaa kwa muda ndani ya kamba ya kitovu, kisha hurudi tumboni huku ukizunguka robo tatu ya duara, na mwisho hushikizwa nyuma ya tumbo.

Fikiria mashua iliyofungwa kamba mbele na nyuma: upepo ukivuma, haizunguki. Ikifungwa kamba moja tu, huzunguka itakavyo. Utumbo usiokamilisha mzunguko wake hushikiliwa na sehemu nyembamba, kwa hiyo unaweza kujisokota na kuziba mishipa yake ya damu. Ukikosa damu, huanza kufa ndani ya saa chache.

Inakadiriwa kuwa mtoto mmoja katika kila 500 huzaliwa na kasoro hii. Wengi huishi bila kuijua. Wanaougua, wengi wao huanza kuonesha dalili katika mwezi wa kwanza wa maisha.

Kwa nini picha haioni?

Utumbo wa mtoto aliye tumboni ni mwembamba, na ukikaa upande usio wake huonekana kama utumbo mwingine wowote. Daktari huanza kushuku pale tu anapoona alama nyingine: mapovu mawili meusi ya maji tumboni mwa mtoto, maji ya uzazi kuzidi kiasi, utumbo kuvimba, au mfuko wa chakula kukaa upande wa kulia badala ya kushoto.

Alama hizo hazithibitishi kasoro hii moja kwa moja. Lakini mzazi akiambiwa zimeonekana, aulize mapema atajifungulia hospitali gani, na asipange kujifungulia nyumbani.

Rangi ya kuogopa

Mtoto kucheua maziwa meupe baada ya kunyonya ni kawaida. Matapishi ya kijani, mfano wa majani ya mchicha yaliyopondwa, ni nyongo. Kwa mtoto mchanga hiyo ni dharura mpaka daktari aseme vinginevyo.

Tumbo laini lisiwadanganye wazazi, wala mtoto kuwa amekwisha kupata choo. Mwanzoni anaweza kuonekana mzima kabisa. Tumbo kujaa, damu kwenye choo na mtoto kulegea ni dalili zinazokuja hali ikiwa imekwisha kuharibika.

Hapo ndipo nyumba nyingi hupoteza muda. Mzazi yumo ndani ya arubaini yake, na wakubwa wanasema ni chango tu. Dua isiachwe, lakini isomwe njiani. Mtoto asinyweshwe kombe, dawa ya chango wala dawa ya gesi.

Apelekwe hospitali iliyo karibu, iwe Kivunge, Makunduchi au Mnazi Mmoja, usiku huo huo. Kitambaa chenye matapishi kichukuliwe, au yapigwe picha kwa simu, ili daktari aione rangi.

Hospitalini mtoto husimamishwa kunyonya kwa muda, huwekewa dripu na mpira mwembamba puani wa kutoa nyongo. Eksirei ya dawa maalumu au altrasaundi ya tumbo huweza kuonesha utumbo ulivyokaa. Akihitaji kupelekwa hospitali kubwa zaidi, kama Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari ndio huamua asafirishwe lini na vipi.

Tiba ni upasuaji ulioelezwa na daktari William Ladd wa Boston, Marekani, mwaka 1936. Utumbo husokotolewa, nyuzi zinazoubana hukatwa, na hupangwa upya usijisokote kirahisi. Ukiwahiwa kabla haujafa, mtoto hunyonya tena na kukua kama wenzake.

Karatasi ya altrasaundi itunzwe kwenye kadi. Lakini mtoto akishazaliwa, wa kuitazama rangi ya matapishi ni mama, baba na bibi waliomo ndani ya nyumba.