Doa Lisilouma Wala Kuwasha

Mvuvi wa Ukerewe akiona doa jeusi juu ya unyayo, hudhani ni alama ya kamba. Haliumi, haliwashi. Miezi ikipita madoa yanaongezeka, mguu unavimba na kuwa mgumu kama gogo. Jirani mmoja anasema ni matende. Mwingine hasemi kitu, ila anamtazama kwa namna ambayo mvuvi anaielewa, naye anaanza kuvaa suruali ndefu na kukwepa zahanati.

Woga huo una historia. UKIMWI ulipobainika Kagera mwaka 1983, watu wakauita Juliana, na madoa ya saratani ya Kaposi yakawa kama tangazo la ugonjwa. Lakini madaktari wa Uganda na wa pande zetu za Ziwa Victoria walikuwa wakiyaona miguuni mwa wanaume watu wazima miaka mingi kabla. Moritz Kaposi aliyaeleza huko Vienna mwaka 1872, na Ulaya yalibaki ugonjwa nadra wa wazee. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi chake, cha jamii moja na kile cha tetekuwanga. Huenea zaidi kwa mate, na huku kwetu wengi hukipata utotoni bila kuugua kamwe.

Kwa hiyo mwenye Kaposi anaweza kuwa na VVU au asiwe navyo. Kipimo cha VVU ni lazima, kwa sababu matibabu yanategemea jibu lake, lakini hakithibitishi saratani.

Macho nayo hayatoshi. Kwenye ngozi yetu rangi ya zambarau huonekana nyeusi, na doa hufanana na fangasi au kovu. Ganzi kidogo, kinyama cha milimita 4, kisha hadubini: hapo ndipo jibu lilipo. Wakazi wa Kanda ya Ziwa hupelekwa Bugando, hospitali ya rufaa iliyo juu ya kilima jijini Mwanza tangu 1971. Daktari akikuambia ufungue mdomo, usishangae. Madoa hupenda kaakaa. Na anayekohoa damu huku vipimo vya kifua kikuu havioni kitu, mapafu yake yachunguzwe upesi.

Mwenye VVU na madoa machache anaweza kupona kwa ARV pekee. Yakisambaa, huongezewa dripu ya kemo. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa wa Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba paklitakseli pamoja na ARV hushinda kemo za zamani. Mzee asiye na VVU hahitaji ARV. Madoa machache huchomwa kwa mionzi, mengi hutibiwa kwa kemo.

Rangi ya kahawia inaweza kubaki hata saratani ikilala. Ndiyo maana kliniki hupima unene wa mguu kwa futi, kama ya fundi cherehani, kila ziara. Mgonjwa mwenyewe ana kipimo chake nyumbani: kandambili iliyokuwa haiingii.