Matunda ya Mavuno Katika Rangi za Maji



Katika nchi za Ulaya, miezi ya Septemba hata Novemba ndiyo majira ya mavuno ya matunda. Zabibu, matofaa na plamu huiva, na majani ya miti hupukutika. Matunda hayo hayadumu. Lakini wako waliojua kuyahifadhi katika karatasi kwa rangi na maji. Mmoja wao ni Mwingereza William Henry Hunt, na habari yake ina mafunzo kwa kila mzazi.

Alizaliwa London mwaka 1790, baba yake akiwa fundi wa bati. Miguu yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni, na jamaa zake wakamwona hafai kwa kazi nyingine. Basi akawekwa kwa mchoraji John Varley apate kujifunza. Hapo kwanza alichora nyumba na mandhari ya nchi. Lakini kwa kuwa kutembea kulimtaabisha, miaka ilivyopita alizidi kuchora vitu vidogo viwezavyo kuwekwa mbele yake: viota vya ndege, zabibu na plamu.

Katika rangi za maji, nuru hutoka katika weupe wa karatasi. Kwa hiyo mchoraji huanza na rangi nyepesi, huiacha ikauke, kisha huzidisha nzito kidogo kidogo. Akitangulia kutia giza, ni shida kurejea nyuma. Hunt aliongeza ufundi wake: mahali pa tunda alipaka kwanza rangi nyeupe nzito, akaiacha ikauke kabisa, ndipo akatia juu yake rangi safi, nukta kwa nukta, kwa ncha ya brashi. Hata ule ukungu mweupe ulio juu ya ganda la plamu huonekana kama utafutika ukiguswa. Mwandishi mashuhuri John Ruskin alimsifu sana. Hunt alifariki mwaka 1864.

Huenda mzazi akauliza juu ya hukumu ya picha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji mmoja achore miti na visivyo na roho. Na matunda ni katika hivyo.

Lakini mafunzo tuliyoyakusudia ni mengine. Twakiri kwamba sisi wenyewe tuliwahi kumshauri mzazi amweke nyumbani mtoto wake asiyeweza kutembea, tukidhani twamhurumia. Leo twajuta. Tuliitazama miguu yake tu, wala hatukuuliza mikono yake yaweza nini, wala macho yake yaona nini.

Enyi wazazi, msiwafiche watoto wenu. Mpeni mtoto karatasi, brashi na kikombe cha maji, mumwekee embe moja mbele yake. Kisha mwacheni atazame. Mwenyezi Mungu hakumnyima mja Wake kila kitu.

Wabillahi tawfiq.