Raba ya Mbio Inayokutosha

Mtu anayeanza kukimbia huku Nyansiongo akienda sokoni huulizia jina la kiatu kwanza, na muuzaji humjibu kwa jina: hii Nike, hii Adidas, hii Asics safi kabisa. Hakuna aliyeuliza habari za mguu, wala za barabara itakayokimbiwa. Pesa hupotelea hapo. Raba nzuri ya mbio hupatikana kwa bei nafuu kwenye mitumba ya Keroka au Daraja Mbili mjini Kisii, mradi mnunuzi aende akijua urefu na upana wa mguu wake, na ajue kuikagua soli kwa mkono.

Kuna hofu moja inayofaa iondolewe mapema. Wengi wameambiwa kwamba mwenye unyayo bapa ni lazima anunue kiatu maalumu, kigumu upande wa ndani, na kwa kawaida ghali, la sivyo ataumia magoti. Jeshi la Marekani lililijaribu wazo hilo kwa maelfu ya makuruta wa nchi kavu, wa anga na wa kikosi cha wanamaji. Baadhi walipewa raba kulingana na umbo la nyayo zao, wengine wakapewa aina moja bila kuangalia umbo. Mafunzo yalipokwisha, idadi ya walioumia katika makundi hayo ilikaribiana sana. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzake, walipendekeza kigezo rahisi zaidi: mkimbiaji achague kiatu ambacho mguu wake unaona raha ndani yake anapokimbia. Nakubaliana nao. Raha hiyo haiuzwi kwa bei ya jina.

Pima mguu jioni, ukiwa umeshatembea na kufanya kazi, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na ukikimbia huvimba vivyo hivyo. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, kisha weka alama penye ncha ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mrefu. Sasa angalia kibandiko kilichoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu. Nambari za Uingereza, Marekani na Ulaya huwachanganya watu, kwani kiatu kimoja kinaweza kuandikwa 8, 9 na 42 kwa pamoja. Tafuta palipoandikwa CM au JP. Hapo kipimo ni sentimita. Chagua kinachozidi mguu wako kwa nusu sentimita hadi sentimita moja. Ukikivaa na soksi zako na kusimama wima, upana wa kidole gumba cha mkono uenee kati ya kidole cha mguu na ncha ya kiatu. Ikikosekana nafasi hiyo, mteremko wa kwanza utazifanya kucha ziwe nyeusi.

Upana ndio unaosahaulika zaidi, na kwetu una uzito wake. Watafiti waliolinganisha miguu nchini India waliona kwamba waliozoea kutembea bila viatu wana nyayo pana kuliko waliozoea kuvivaa. Mtu aliyelelewa akipita mashambani na kwenye vijia vya majani chai bila viatu asishangae raba nyembamba ikimbana ubavuni. Asitatue shida hiyo kwa kununua nambari kubwa zaidi, maana kisigino kitacheza ndani na malengelenge yatafuata. Atafute kiatu kilichotengenezwa kwa upana. Baadhi ya raba za wanaume huandikwa 2E au 4E kwenye kibandiko, na wauzaji wengi hawajui maana yake, kwa hiyo hawapandishi bei.

Ukiwa mbele ya rundo la mitumba, usitazame rangi. Weka raba juu ya meza bapa uichungulie kwa nyuma. Ikiinamia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshaikanyaga ikapinda, nayo itakuvuta huko huko. Ikunje kwa mikono miwili: inapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Ikivunjikia katikati, iache. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Sponji hai huingia kidogo na kurudi. Iliyokufa ni ngumu na ina mikunjo mingi ya mlalo ubavuni, hata kama raba imeoshwa ikang'aa. Ingiza mkono nyuma kwenye kisigino uhakikishe kitambaa hakijatoboka. Soli ya ndani iliyochakaa isikutishe, kwa kuwa hiyo hung'olewa ikawekwa nyingine. Kiatu cha zamani ambacho hakikuvaliwa nacho si salama, kwani gundi na baadhi ya soli huzeeka zikiwa zimekaa tu, na siku ya tatu utaziona zikibanduka. Viatu vingi vina tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko kile kile, isome.

Jihadhari pia na raba za mtindo. Zinafanana na za mbio kwa macho, lakini soli yake ni bapa, ngumu na nzito. Mizani ya duka itakusaidia: raba ya mbio ya mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya gramu 200 na 300 kwa mguu mmoja.

Barabara nayo ina sauti. Anayekimbia kwenye lami ya kuelekea Sotik atahitaji sponji zaidi. Anayepita kwenye udongo mwekundu wa Borabu, unaoteleza mvua ikinyesha, anahitaji meno kwenye soli na kitambaa chenye matundu kinachokauka upesi. Usikaushe raba karibu na jiko, maana moto hulegeza gundi. Jaza magazeti ndani, uianike kivulini.

Kuna wanaosema mashujaa wetu hawakuhitaji haya yote. Ni kweli Nyandika Maiyoro wa Kisii alikimbia London mwaka 1954 kwa miguu mitupu, na Wagusii tuna haki ya kujivunia hilo. Lakini nyayo zake zilikomaa tangu utotoni. Anayevua viatu leo baada ya miaka mingi ya kuvivaa huweka mzigo mpya kwenye misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino, na asipoanza polepole kwenye nyasi ataumia. Naftali Temu, mwana wa Nyamira aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 huko Mexico City mwaka 1968, ametuachia mfano mkubwa wa mazoezi. Tusiufanye kisingizio cha kumnyima mtoto kiatu.

Nawaomba wazazi jambo moja. Msimnunulie mtoto raba ya mbio akiwa shuleni, wala msimchukulie nambari kubwa ili aikulie. Mwende naye sokoni jioni, azivae zote mbili, akimbie hatua chache mbele ya muuzaji, kisha mmuulize yeye.