Mwacha asili ni mtumwa. Aliyenyang'anywa asili je?

Wazee wetu wa pwani walituachia methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mzazi huitumia kumwonya kijana anayetupa mila za kwao, naye mshairi huitumia kumshutumu anayeona haya kwa lugha yake. Lakini methali hiyo yamhusu mtu anayeacha kwa hiari yake. Je, tuseme nini juu ya mtoto aliyekamatwa kondeni kwa baba yake, akatembezwa majuma mengi hadi pwani, akapakiwa jahazini na kuuzwa, hata lugha ya mamake ikamtoka kinywani? Huyo hakuacha asili. Asili aliporwa. Mtu kama huyo, akiisha kupata fahamu na kujiuliza, "Mimi ninaishi kwa ajili ya nini?" atajijibu vipi?

Swali hili lina wenyewe, na wenyewe walikuwa majirani zetu. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, hukawii kufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo linatokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Kiingereza mnamo mwaka wa 1875. Wakati huo manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yaliyosheheni watumwa, kufuatia mkataba ambao Seyyid Barghash wa Unguja alitiwa mkononi autie sahihi mwaka wa 1873. Watu waliookolewa waliletwa hapo kwa mamia. Watu wa mjini waliwaita mateka, na baadaye jamii yao ikajulikana kama Wamisheni.

Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na makabila mengine ya mbali, ambao hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili walichokiokota njiani. Hawakuwa na ukoo, wala mashamba ya urithi, wala makaburi ya babu zao. Kwetu sisi watu wa pwani, ambao mtu akijitaja hutaja kwanza mtaa wake na mbari yake, ni vigumu hata kuwaza upweke wa namna hiyo.

MHUNZI KUTOKA BARA HINDI

Kati ya watu wa jamii hiyo, mmoja anastahili kukumbukwa zaidi. Aliitwa William Jones. Jina hilo si la Kiyao, ilhali kwa asili yeye alikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akafikishwa Bara Hindi, na huko akalelewa na wamisionari katika makao ya watoto wa Kiafrika yaliyokuwa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Alisoma, akabatizwa, akajifunza uhunzi.

Mnamo mwaka wa 1864, Jones na wenzake Ishmael Semler na George David walivuka bahari pamoja na wake zao, wakaja Mombasa, kisha wakapanda Rabai. Walikuja kumsaidia Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekuwa Rabai tangu 1846, wakati yeye na mwenziwe Ludwig Krapf walipoanzisha misheni hapo. Krapf alikwisha kuondoka zamani, naye Rebmann alikuwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Rabai haikuwa na utajiri wala sifa. Mhunzi mwenye ufundi mikononi angeweza kujitafutia riziki Bombay pasipo taabu kubwa kama hiyo.

Tena tukumbuke kwamba kurudi Afrika hakukuwa kurudi nyumbani. Uyao uko mbali sana na Rabai. Wamijikenda wa Rabai hawakumjua, na watu wa Mombasa walimwona kuwa mtu aliyetoka utumwani, mwenye dini ya wageni na nguo za wageni. Kati ya hao wote hapakuwa na aliyemwita ndugu kwa damu.

SAFARI YA KWA SUNDU

Mwaka wa 1885 ulifika Mombasa ugeni mkubwa. James Hannington, askofu wa kwanza wa Afrika Mashariki ya Ikweta, alikuja Freretown. Mnamo Mei mwaka huo, alimtawaza Jones na Semler kuwa mashemasi. Julai, askofu alifunga safari ya kwenda Buganda, akaamua kupita njia mpya, yaani kukata moja kwa moja nchi ya Wamasai. Aliyechaguliwa kufuatana naye alikuwa Jones. Msafara ulikuwa na watu zaidi ya 200.

Walifika salama Kwa Sundu, mji ambao leo twaujua kwa jina la Mumias. Hapo askofu alichukua wapagazi 50 akaendelea mbele, naye Jones akaachwa na watu waliosalia. Hannington hakujua kwamba huko Buganda watu waliogopa sana mgeni atakayeingia nchini kwa upande wa mashariki. Kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba, 1885, na karibu wafuasi wake wote wakauawa pamoja naye. Walionusurika walikuwa wachache mno.

Habari zilimfikia Jones Kwa Sundu. Hebu msomaji ajitie mahali pake. Alikuwa bara, mbali na pwani kwa safari ya miezi, mkuu wake ameuawa, nyuma yake ana watu zaidi ya mia moja wenye hofu na njaa, na mbele yake ni njia ileile ya Wamasai. Hakuwa na Mzungu wa kumwuliza shauri. Alisubiri kwa majuma kadhaa akitafuta hakika ya habari. Alipoyakinisha kwamba askofu hatarudi tena, alikusanya watu wake akawaongoza kurudi, hata wakaingia Rabai mnamo Februari 1886. Walitanguliwa na bendera ya samawati yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ichabod. Hilo ni jina la Kiebrania, alilopewa mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, nalo lina maana kwamba utukufu umeondoka.

WATORO WA RABAI

Mtu angedhani kwamba baada ya msiba huo Jones angetafuta raha. La hasha. Mtihani uliokuwa mgumu zaidi kwake ulikuwa bado, na huo haukutoka Buganda bali hapa hapa kwetu.

Katika miaka hiyo utumwa ulikuwa halali pwani, na haukupigwa marufuku hadi 1907. Manowari zilizuia biashara ya baharini tu. Mtumwa aliyekuwa shambani Mombasa au Takaungu alikuwa mali ya bwana wake, na akitoroka, sheria ilikuwa upande wa bwana. Hata hivyo walitoroka. Wengi walipanda Rabai, ambako msimamizi wa kanisa alikuwa ni Jones. Walijenga vibanda, wakalima, wakazaa watoto. Viongozi wa misheni walikuwa wamekatazwa kupokea watoro, kwa kuogopa kugombana na wenyeji wa mji. Lakini watoro waliendelea kuja, na waliendelea kukaa.

Mnamo mwaka wa 1888 mambo yalifika ukingoni. Mabwana wa Mombasa na vitongoji vyake walidai watu wao warudishwe, na kulikuwa na hofu ya vita. Hesabu ilipofanywa katika vituo vya misheni, walionekana watoro zaidi ya 1,400, wengi wao wakiwa Rabai. George Mackenzie, mwakilishi wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ndiyo kwanza imekabidhiwa pwani, aliona heri kuwalipa mabwana kuliko kumwaga damu. Fidia ilifikia kiasi cha pauni 3,500. Tarehe 1 Januari, 1889, watoro walikutanishwa Rabai wakapewa hati zao za uhuru.

Kasisi huyu mhunzi angaliweza kuwafukuza watu hao tangu siku ya kwanza, na sheria ingalimuunga mkono. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa mtoto asiye na kwao. Alijua mtoro anapogonga mlango usiku anatafuta nini.

IMANI ILIMPA NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Imani ya Kikristo haikumrudishia Jones mama yake, wala kijiji chake, wala jina alilopewa siku aliyozaliwa. Haikumpa hata usawa na wale waliomfundisha. Ilimbidi kungoja miaka kumi baada ya kuwa shemasi ndipo, mnamo 1895, yeye na Semler wakapewa ukasisi kamili. Freretown kwenyewe hakukuwa peponi. Mwaka wa 1881 serikali ya Kiingereza ilifanya uchunguzi juu ya mijeledi na vifungo vilivyotumiwa na wasimamizi dhidi ya watu wale wale waliosemekana kuwa huru. Anayesimulia habari hizi bila ya kutaja hayo anawapamba waliotenda na kuwasahau waliotendwa.

Ilichompa ni kazi ya kufanya na watu wa kuitendea. Mtu aliyeokolewa bila ya kustahili, akiamini kwamba aliyemwokoa hasa ni Mungu, hujiona kuwa na deni, na deni hilo hulipwa kwa kiumbe mwingine aliye katika shida ileile. Ukiyatazama maisha ya Jones kwa namna hii, yanashikana tangu Nasik hadi Rabai. Alivuka bahari kwa sababu hiyo, akawarudisha wapagazi kutoka Kwa Sundu kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hakuwafunga mlango watoro.

Msomaji Mwislamu hataona ajabu kubwa hapo. Tangu tulipokuwa tukikaa mkekani chuoni tulifundishwa kwamba mja hakuumbwa kwa mchezo, bali kaumbwa ili amwabudu Mola wake. Tulifundishwa pia kwamba kumwacha mtumwa huru ni jambo lenye thawabu kubwa, hata likafanywa kafara ya baadhi ya madhambi. Wako mabwana wa pwani waliolitii fundisho hilo, wakawaandikia watumwa wao huru kabla ya manowari yoyote kufika, na wako waliolisahau wakashika mali. Vivyo hivyo Uingereza, ambayo ilikuwa na manowari za kukamata majahazi, ndiyo iliyokuwa imefanya biashara ya watumwa kwa miaka mingi katika bahari ya magharibi. Dini mbili hizi zinatofautiana katika mambo makubwa, na hakuna haja ya kuyaficha. Lakini katika hili la kumwuliza mtu amefanya nini kwa ajili ya mnyonge aliyepiga hodi kwake, zote mbili zinauliza swali moja.

UUNGWANA NI NINI?

Watu wa Freretown hawakupotea. Mmoja wa wana wao, James Mbotela, aliandika kitabu cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa 1934, akasimulia jinsi wazee wake walivyotekwa na kukombolewa. Mwana mwingine wa jamii hiyo, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka wa 2025, ndiye yule mtangazaji ambaye sauti yake iliingia karibu kila nyumba ya Kenya kwa kipindi chake cha redio, Je, Huu ni Uungwana?

Jina hilo la kipindi lafaa kufikiriwa. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, aliyezaliwa huru, mwenye nasaba yake. Uungwana ulikuwa ni wa damu, na mtumwa hakuwa na njia ya kuupata. Leo tukisema fulani ni mwungwana twamaanisha ana adabu na utu, awe mwana wa nani. Maana ya neno imehama kutoka kwenye nasaba ikaingia katika matendo, na aliyewahoji Wakenya kwa miaka mingi juu ya uungwana wao alikuwa mjukuu wa mateka.

Rabai bado ipo, na jumba la makumbusho lipo hapo kwa anayetaka kuona walikoishi watu hawa. Kanisa la Emmanuel la Freretown nalo lingali limesimama, na Kengeleni ni jina linalotajwa kila siku na makondakta wa matatu, ingawa wengi wanaoshuka hapo hawajui kengele hiyo ilimlilia nani. Wakubwa wenye kujua na wawaambie wadogo. Mwacha asili ni mtumwa, ni kweli. Lakini walikuwako miongoni mwetu watu ambao asili yao iliibwa, wakakaa chini ya miembe ya Rabai wakajifanyia asili nyingine kwa imani na kwa kazi, kisha wakamfungulia mlango aliyewafuata.